Magofu ya hamamu za Kirumi: Caracalla, Diocletian, Karthago au Bath?

Nimekulia Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa pili kutoka Hamamni. Utotoni tulijua kwamba jengo lile ni hamamu ya Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na kwamba watu wa mjini walikuwa wakienda kuoga humo. Tulichungulia vidimbwi vikavu, tukasikiliza sauti zetu zikiturudia, kisha tukaenda zetu kucheza. Miaka mingi baadaye, nikiwa Roma, nilisimama chini ya ukuta wa matofali uliopanda zaidi ya mita 30, na mwenyeji wangu akaniambia: hii nayo ni hamamu. Pale ndipo nilipofahamu kuwa hamamu ya kwetu ina mababu.

Ukoo wenyewe unafuatika. Waislamu walipoichukua Sham kutoka kwa Warumi wa Bizanti katika karne ya 7, walikuta hamamu zinafanya kazi, wakaziendeleza na kujenga zao. Kutoka huko ufundi wa chumba cha baridi, cha vuguvugu na cha moto ukaenea Misri, Maghribi, Uturuki na Uajemi, na mwishowe ukavuka bahari hadi Unguja. Kwa hiyo Mswahili anayekwenda kutazama magofu haya hatazami mambo ya watu baki.

Ndugu na jamaa walioko Ulaya, na wengine wanaopita huko kwa masomo au kazi, huniuliza swali moja: nina siku chache na pesa za kuhesabu, niende kuona hamamu ipi ya Kirumi? Majina yanayowatatiza huwa manne. Kuna Hamamu za Caracalla na Hamamu za Diocletian, zenye majina ya makaizari wa Kirumi, zote mbili mjini Roma. Kuna Hamamu za Antoninus huko Karthago, Tunisia. Na kuna ile ya mji wa Bath, Uingereza. Zote nne nimeziona, mbili kati yake zaidi ya mara moja.

Siwezi kumwambia kila mtu aende mahali pamoja, na sababu ni hii. Hamamu ya Kirumi ilikuwa mtambo wenye viungo vinne: kuta, paa, matanuri ya chini, na maji. Kila moja ya hizi nne imebakiwa na kiungo kimoja kikubwa, ikapoteza vingine kwa kiasi chake. Caracalla imebaki na kuta. Diocletian imebaki na paa. Karthago imebaki na sehemu ya chini. Bath imebaki na maji. Ukishajua ni kiungo gani unatamani kukiona kwa macho yako, nusu ya uamuzi imekwisha.

Vipimo

Nimezilinganisha kwa mambo manne. La kwanza ni kilichosimama: je, ukifika utaona jengo, au utaona mawe na kuambiwa uwaze? La pili ni maji na moto: unaweza kufuatilia jinsi maji yalivyoletwa na jinsi yalivyopashwa? La tatu ni watu: mahali panakuonyesha waliooga na waliotumika, au wajenzi wakubwa peke yao? La nne ni safari yenyewe, yaani viza, nauli, tiketi, jua na ngazi.

Kwa ambaye hajawahi kusoma habari hizi, mpango wa kuoga ulikuwa hivi. Mrumi alifika mchana baada ya shughuli, akavua nguo, akapakwa mafuta, akafanya mazoezi uwanjani. Akaingia chumba cha vuguvugu, kisha chumba cha moto, ambacho kwenye vibao utakuta kimeandikwa caldarium. Humo akatoka jasho, akakwanguliwa mafuta na uchafu kwa chuma kilichopinda, halafu akajitosa katika maji ya ukumbi wa baridi, frigidarium, au akaogelea kwenye bwawa la wazi, natatio. Sakafu ya vyumba vya moto haikulala juu ya ardhi. Ilibebwa na vijiguzo vifupi vya matofali, na hewa ya moto kutoka tanurini ikapita chini yake, ikapanda ndani ya kuta kupitia matofali yenye uwazi. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba watu walivaa viatu vya nyayo za mbao. Haya yote yalitaka kuni, na mtu wa kuzitia tanurini, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa. Mkumbuke huyo mtu, maana kuna magofu utakayomwona na mengine yatakayokuficha kabisa kwamba alikuwepo.

Kilichosimama

Caracalla itakufanya uinue shingo. Kaizari Caracalla alikuwa mtoto wa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, na hamamu yake ilijengwa kati ya mwaka 212 na 216. Eneo zima pamoja na bustani ni hektari 11 hivi. Jengo la katikati lina urefu wa zaidi ya mita 200. Chumba cha moto kilikuwa cha mviringo, chini ya kuba yenye kipenyo cha mita 35. Kuba imeanguka, lakini minara ya matofali iliyoibeba bado inaonekana. Ukitembea kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine unapita milango ambayo nyumba ya ghorofa ingeweza kupenya.

Hata hivyo utakachoona ni mifupa, ngozi imekwenda. Marumaru zilibanduliwa karne nyingi zilizopita. Katika miaka ya 1540 Papa Paulo wa Tatu, wa ukoo wa Farnese, alichimbisha hapa, yakatoka masanamu makubwa ajabu: Hercules aliyechoka akiegemea rungu lake, na kundi zima la watu wanaomfunga mwanamke kwenye fahali. Yote yako Napoli leo. Mabeseni mawili ya granaiti yamefanywa chemchemi kwenye uwanja wa Farnese, Roma. Kilichobaki mahali pake ni mozaiki za sakafuni, na vipande vya mozaiki vilivyoporomoka kutoka juu, vimeegemezwa ukutani kama mikeka iliyoanikwa. Mimi naipenda mifupa hiyo. Matofali na zege vikiwa uchi vinakueleza jinsi jengo lilivyosimama, jambo ambalo marumaru lilikuwa linalificha.

Diocletian ni kinyume chake. Ilijengwa kati ya 298 na 306 na ilikuwa kubwa kuliko zote mjini Roma. Mwandishi wa kale Olympiodorus alitaja viti 1,600 katika Caracalla, na karibu mara mbili ya hivyo katika Diocletian. Lakini mji umeimeza. Jina la stesheni kuu ya Roma, Termini, linatokana na hamamu hizi. Uwanja wa Piazza della Repubblica umepinda jinsi ulivyopinda kwa sababu unafuata ukuta wa nje wa hamamu. Kanisa dogo la San Bernardo ni chumba cha duara kilichokuwa kwenye pembe ya ukuta huo. Mgeni anaweza kula, kulala na kupanda treni ndani ya hamamu ya Diocletian bila kujua.

Kisha ingia kanisa la Santa Maria degli Angeli. Papa Pius wa Nne alimpa kazi Michelangelo, akiwa na umri wa miaka 86 mwaka 1561, aigeuze hamamu iwe kanisa, na yule mzee akaliachia jengo karibu lilivyo. Nguzo nane za granaiti nyekundu ya Misri, kila moja jiwe zima, bado zinabeba dari lile lile la matao karibu mita 28 juu ya kichwa chako. Chini ya nguzo pamefukiwa kwa sababu sakafu iliinuliwa, kwa hiyo zamani ukumbi ulikuwa mrefu zaidi ya unavyouona. Katika magofu yote manne, hapa peke yake ndipo utakaposimama ndani ya ukumbi wa hamamu ya Kirumi ukiwa umefunikwa na paa la Warumi. Kwangu mimi hilo ni kubwa, na nasikitika kuona wageni wakipita nje na masanduku yao wakikimbilia treni.

Karthago, kwa kilichosimama, ina kidogo. Ilijengwa kati ya 145 na 162, ikawa hamamu kubwa kuliko zote katika Afrika ya Kirumi, kandokando ya Ghuba ya Tunis. Mawe yake yalichukuliwa kwa karne nyingi kujengea kwingine. Leo nguzo moja ya ukumbi wa baridi imesimamishwa upya, karibu mita 15, ili ukipima kwa jicho ujue dari lilikuwa wapi. Nyingine zote ni misingi, matao mafupi na vipande vikubwa vya mawe kwenye nyasi, na nyuma yake bahari ya buluu. Ni mahali pazuri kuliko pote pane, hilo silifichi. Lakini asiyependa kusoma ramani ataona mawe matupu.

Bath inahitaji tahadhari. Picha zote unazoziona, zenye maji ya kijani, nguzo na masanamu ya makaizari yakitazama chini, zinachanganya zama mbili. Bwawa, ngazi zake, sakafu ya mawe na vitako vya nguzo ni vya Kirumi. Kilicho juu ya hapo ni kazi ya karne ya 19, na yale masanamu ya barazani ni ya enzi ya Malkia Victoria, yalizinduliwa 1897. Si udanganyifu, wenyewe wanaeleza. Ila nimekutana na watu waliorudi nyumbani wakiamini wamepiga picha na Warumi.

Maji na moto

Bath, kwa kipimo hiki, ina kitu ambacho kwingine hakipo. Maji yanatoka ardhini yenyewe, nyuzi 46 za Selsiasi, zaidi ya lita milioni moja kila siku, bila kuni wala mfereji wa mbali. Wenyeji wa kale waliamini chemchemi hiyo ni ya mungu wao wa kike, Sulis. Warumi walipofika walimuunganisha na Minerva wao, wakajenga hekalu na hamamu pamoja kuanzia karne ya 1. Bwawa kubwa lina kina cha mita 1.6 na limetandikwa mabamba 45 ya risasi ambayo mpaka leo yanashika maji. Mfereji wa Kirumi wa kutolea maji ya ziada kwenda mto Avon nao unafanya kazi hadi leo. Kasimame karibu na mdomo wake usikilize maji yakishuka kwa kelele, mvuke ukikulowesha uso. Ni sauti ile ile waliyoisikia wao.

Ule ukijani si wa asili. Zamani bwawa lilikuwa na paa. Jua lilipoanza kuyafikia maji, mwani ukaota. Usitie mkono, na kuogelea hakuruhusiwi. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa maradhi ya ubongo yaliyotokana na kijidudu cha majini baada ya kuogelea katika maji ya chemchemi hii. Anayetaka kuoga maji hayo hayo yakiwa yamesafishwa aende hamamu mpya iliyo jirani, iliyofunguliwa 2006. Yapo pia ya kunywa, yenye madini 43. Nilimaliza glasi kwa heshima ya safari. Yana ladha ya chuma kilichopata moto.

Karthago haikuwa na chemchemi. Maji yake yaliletwa kutoka milima ya Zaghouan kwa mfereji ambao pamoja na matawi yake unafikia kilomita 132, na yakahifadhiwa katika matangi makubwa ya La Malga juu ya mji. Ukiwa na gari, sehemu za mfereji huo zinaonekana nje ya Tunis, matao yakivuka mashamba moja baada ya jingine. Nakusihi usiache kuyaona, maana bila hayo hamamu ya pwani haieleweki: bahari iko hatua chache, na watu walileta maji matamu kutoka mlimani. Vyumba unavyopita ukiwa Karthago ni vya chini, vya huduma. Sakafu ya waogaji ilikuwa juu ya kichwa chako, nayo haipo tena. Hapa ndipo utakapouona mtambo kwa upande wa ndani, njia za kupita, matao yaliyobeba uzito, na namna vyumba vya pembe nyingi vilivyopangwa kwa ulinganifu kulia na kushoto.

Caracalla ina vyote viwili kwa kiasi. Maji yalifika kwa tawi maalumu la mfereji wa Marcia. Chini ya jengo kuna njia pana za kupitisha mikokoteni ya kuni, na matanuri mengi. Vyumba vya moto vilielekezwa kusini-magharibi vikiwa na madirisha makubwa, ili jua la mchana lisaidie kuni. Mwaka 537 Wagothi walipouzingira mji walikata mifereji, na hamamu ikafa siku hizo hizo. Jengo lilikuwa bado zima, hakuna aliyelibomoa; lilikosa maji tu.

Diocletian katika hili inasalimu amri. Paa liko, maji na moto havionekani.

Watu

Hapa nina upendeleo, na nausema wazi: mimi huenda kwenye magofu kutafuta watu.

Bath wamo kwa majina. Katika chemchemi vimeokotwa vibao vya risasi zaidi ya 100, vingi vikiwa ni malalamiko ya watu walioibiwa. Mtu ameingia kuoga, ametoka, joho halipo. Anaandika kwenye bamba la risasi, anamkabidhi mungu Sulis Minerva kesi yake, analikunja na kulitupa majini. Mmoja, Docimedis, alipoteza glavu mbili, akaomba mwizi apoteze akili na macho yake. Aliyekulia pwani akisoma hapo hahitaji kufafanuliwa. Kwetu mtu aliyeibiwa na asiyemjua mwizi anatangaza kwamba atasoma Halbadiri, na mara nyingi mali hurudi usiku kabla kisomo hakijaanza. Nilisimama mbele ya vibao vile kwa muda mrefu kuliko mbele ya bwawa lenyewe. Uchungu wa mtu aliyetoka majini akakuta nguo zake hazipo, na hana wa kumshitakia, haujabadilika.

Karthago haina majina, lakini ina miguu. Unakanyaga mahali walipokanyaga wachochea moto. Mgeni wa leo anatembea njia za watumwa kwa sababu njia za mabwana zimeanguka, na sijui mahali pengine ambapo mambo yamegeuka hivyo kwa ukamilifu. Tena ukitoka, mjini Tunis ndani ya madina, yaani mji mkongwe, hamamu za kuogea bado ziko wazi, na watu wanaingia na ndoo na taulo kama kawaida. Roma hamamu ni kumbukumbu. Tunis mtu atakusugua mgongo jioni ile ile uliyotoka Karthago.

Caracalla wamo watumwa pia, ukipata nafasi ya kushuka chini, na wamo waumini wa mungu Mithras, ambao hekalu lao la chini ya ardhi ni miongoni mwa makubwa yaliyopatikana Roma. Juu wamo watu wa zama zetu. Tangu 1937 opera huchezwa humo majira ya joto. Mashindano ya jimnastiki ya Olimpiki ya 1960 yalifanyika humo. Julai 1990 Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba pamoja hapo kwa mara ya kwanza. Jengo la anasa ya umma limebaki la umma.

Na kwa mtu wa Afrika Mashariki kuna jambo jirani ambalo vibao vya hamamu havilisemi. Ukitoka stesheni ya Circo Massimo kwenda Caracalla unapita uwanja wa Porta Capena, mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo mnara wa Aksum, ulioporwa Ethiopia na jeshi la Mussolini, ulisimamishwa 1937. Ulishushwa 2003, ukarudishwa kwao 2005, ukasimamishwa tena Aksum 2008. Sasa pale haupo. Mimi hupunguza mwendo nikifika hapo kila ninapokwenda.

Diocletian nayo ina la kwake. Uwanja wa mbele ya stesheni unaitwa Piazza dei Cinquecento, Uwanja wa Mia Tano. Hao mia tano ni askari wa Italia waliouawa Dogali, katika Eritrea ya leo, Januari 1887, wakipigwa na majeshi ya Ras Alula, jemadari wa Ethiopia. Ukumbusho wao, mnara wa Kimisri wa Ramses wa Pili, uko kwenye bustani karibu na hamamu. Ndani, jumba la makumbusho lina mawe mengi yaliyoandikwa, ya watu wa kawaida, waliokuwa watumwa wakaachwa huru, wafanyabiashara, watoto. Mwenye subira atatoka na mengi. Na kwa muda mrefu Wakristo walisimulia kwamba wafungwa wa imani yao ndio walioshurutishwa kujenga hamamu hii, ndiyo sababu kanisa limetajwa kwa jina la malaika na mashahidi.

Safari, mfuko na miguu

Viza kwanza. Ukiwa na kibali cha kuishi nchi yoyote ya Schengen, Roma ni safari ya mwisho wa wiki. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza, na ya Uingereza haikuingizi Italia. Tunisia haimo katika zote mbili. Anayetoka Ulaya kwenda Karthago kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja ajue kwamba akishatoka, imekwisha. Kurudi itabidi aombe nyingine. Nimeona mtu akililia jambo hili uwanja wa ndege.

Kwa mfuko, Bath ndiyo ghali kuliko zote, ingawa tiketi yake inajumuisha kifaa cha kusikiliza maelezo na maonyesho ya ndani ni ya hali ya juu. Karthago ni nafuu kuliko zote zenye tiketi, na tiketi moja inakuingiza sehemu kadhaa za mji wa kale, basi usiitupe ukitoka hamamuni. Kanisa la Santa Maria degli Angeli halina kiingilio, jumba la makumbusho la pembeni lina chake. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho na magofu ya serikali ya Italia hufunguliwa bure, Caracalla ikiwemo. Jumatatu epuka, mengi hufungwa.

Kufika: Diocletian ukishuka Termini umefika. Caracalla panda metro mstari B hadi Circo Massimo, kisha tembea. Bath ni kama saa moja na nusu kwa treni kutoka stesheni ya Paddington, London, na kutoka stesheni ni matembezi mafupi. Karthago kuna treni ya TGM kutoka Tunis Marine. Shuka Carthage Hannibal uteremke kuelekea baharini. Ikulu ya Tunisia inapakana na magofu. Usielekeze kamera upande huo, askari hawana mzaha.

Mwenye magoti mabovu Caracalla atapaweza, maana juu pako tambarare. Karthago kuna ngazi, mawe yasiyo sawa, na kivuli kidogo. Julai na Agosti nenda asubuhi na kofia na maji. Bath sehemu kubwa iko chini ya kiwango cha mtaa wa leo lakini imetengenezewa lifti. Nenda Bath wakati wa baridi asubuhi na mapema, mvuke unapopanda juu ya bwawa na makundi hayajafika. Nimekwenda majira ya joto pia, na ilikuwa kusukumana.

Nani aende wapi

Una watoto wanaouliza maswali, na uko Uingereza: Bath. Maji yanayotoka moshi hayahitaji mwalimu. Waonyeshe vibao vya laana kwanza, watakumbuka hilo kuliko tarehe yoyote. Lakini waambie mapema wasiguse maji.

Unasomea ujenzi au usanifu, au unapenda tu kujua jengo linasimamaje: Caracalla, na ujipe nusu siku nzima. Chukua daftari. Kaa kwenye ukumbi wa katikati, chora ukuta mmoja, hata kama hujui kuchora.

Uko safarini, una saa mbili kati ya treni na treni, mfukoni hamna kitu: Diocletian. Acha mizigo, vuka barabara, ingia kanisani. Kama jua linakaribia utosini, tafuta mstari wa shaba sakafuni, uliowekwa 1702. Mwale unaoingia kwa tundu la ukutani huuvuka adhuhuri. Uliwekwa humu kwa sababu kuta za hamamu, baada ya miaka 1,400, zilikuwa zimeshatulia zisisogee tena.

Unataka kuelewa Afrika ilikuwa nini ndani ya dola ya Roma, au umechoka kusimuliwa Roma kana kwamba iliishia Italia: Karthago. Soma ramani ya jengo usiku mmoja kabla, la sivyo utaona mawe. Weka siku ya pili kwa mfereji wa Zaghouan, na jioni moja kwa hamamu ya madina.

Unatafuta kuoga, si kutazama: Bath katika hamamu mpya ukiwa na pesa, Tunis ukiwa nazo kidogo. Roma usiende kwa sababu hiyo.

Huna safari ya mbali mwaka huu, lakini Unguja unafika: anza na Hamamni, kisha Kidichi nje ya mji, hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Ni ndogo, lakini ukishauona mpangilio wa vyumba hapo, siku ukifika Roma hutapotea.

Na ukiwa Roma kwa siku moja nzima, usichague. Ila fuata utaratibu: Diocletian asubuhi, Caracalla alasiri, stesheni tatu kwa metro. Ukikaa kanisani inua macho, lishike lile paa kichwani, matao yake na urefu wake. Ukifika Caracalla simama katikati ya ukumbi wa baridi usio na kitu juu yake ila mbingu, ulitue paa lile juu ya kuta zile.